Ukuta Unaolia Lori Likipita: Tatizo Liko Nyumbani au Barabarani?

Kando ya Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, kutoka Ubungo hadi bandarini, malori ya makontena na ya mafuta hupita mchana na usiku, yakielekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi au yakirudi kutoka huko. Hali ni hiyo hiyo Changamwe, Mombasa, na Mlolongo nje kidogo ya Nairobi. Wanaoishi vyumba vinavyotazama barabara hizi wanaijua adha moja ambayo haitajwi sana tunapozungumzia miundombinu: ukuta wa ndani unaolia. Lori likikanyaga shimo sakafu inashtuka kidogo, na papo hapo ukuta wa kati ya sebule na chumba unaanza kutatarika. Mtoto anaamka. Hajashikwa tena na usingizi, lori jingine linapita.

Ushauri haukosekani. Fundi mmoja atasema ukuta ubomolewe ujengwe upya. Wa pili atasema lipu ikwanguliwe yote. Jirani atapendekeza uzio mrefu wa tofali mbele ya nyumba, na mzee wa mtaa ataonya kwamba nyumba imeanza kuchoka, siku moja itashuka. Ushauri huu wote ni wa gharama kubwa, na mara nyingi haugusi tatizo lenyewe.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba tunachanganya mambo mawili: mtetemo na mlio. Mtetemo huzaliwa barabarani, na mwenye nyumba hana uwezo wa kuuzuia usifike kwake. Mlio huzaliwa ndani ya nyumba, mahali ambapo kitu kimelegea na kinagongana na kingine, na huo mwenye nyumba anaweza kuumaliza kwa pesa kidogo. Mambo haya mawili yakitenganishwa, inajulikana kazi ipi ni ya fundi na ipi ni ya mamlaka ya barabara.

Mtetemo unazaliwaje?

Lori zito likipita juu ya lami iliyonyooka halitikisi ardhi kwa kiasi cha kusumbua. Kinachotikisa ni gurudumu kuanguka na kupanda ghafla: shimo, kiraka kilichobonyea, mfuniko wa chemba uliozama chini ya usawa wa lami, tuta, au vipande vya zege vilivyopishana kimo kwenye maungio. Gurudumu likigonga hapo, ekseli nzima hudunda juu ya springi na matairi yake, mara 10 hadi 15 hivi kwa sekunde, na kila mdundo unaipiga ardhi.

Ardhi nayo husafirisha pigo hilo hadi kwenye msingi wa nyumba. Mitetemo ya magari inayopimwa majumbani kwa kawaida huwa kati ya mara 5 na 25 kwa sekunde. Kuta na sakafu za nyumba za kawaida nazo zina mwendo wao wa asili, yaani kasi ambayo zingecheza kwayo zikigongwa mara moja na kuachwa, na mara nyingi huwa kati ya 10 na 30 kwa sekunde. Mwendo wa ardhi ukilingana na mwendo wa asili wa ukuta, ukuta hucheza zaidi kuliko hata msingi unaoubeba. Hii ndiyo sababu chumba kimoja hulia huku cha pili yake kikinyamaza, ingawa vyote vipo umbali uleule kutoka barabarani.

Udongo una sehemu yake pia. Mfinyanzi laini wenye maji, kama ule wa mabondeni, hukuza mitetemo hii ya mwendo wa polepole kuliko ardhi ngumu ya mawe au changarawe iliyoshikamana. Umbali unapunguza, lakini kwenye udongo laini haupunguzi kwa kasi ambayo mtu angetarajia.

Ipo pia njia ya hewa. Injini kubwa inapovuta mzigo mlimani, au lori linaponguruma likiwa limesimama, bomba la moshi hutoa sauti nzito ya mara 50 hadi 100 hivi kwa sekunde. Sauti hiyo husukuma vioo, milango, mabati na silingi moja kwa moja bila kupitia ardhini. Vyumba vya mbele ndivyo vinavyoumia zaidi, na vitu vyepesi hulia kabla ya vizito. Njia hizi mbili zina tiba tofauti, na fundi asiyezitenganisha huziba mahali pasipohusika.

Ukubwa wa mtetemo wenyewe unawashangaza wengi. Wataalamu huupima kwa kasi ya mwendo, kwa milimita kwa sekunde. Binadamu aliyetulia nyumbani huanza kuuhisi ukifika karibu milimita 0.3 kwa sekunde. Ukiwa unacheza mara 15 kwa sekunde, kasi hiyo ina maana kwamba ukuta unasogea takriban milimita 0.003 tu kila upande, umbali ulio chini ya sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Ukuta uliokazwa vizuri ungepokea mwendo huo kimya. Lakini panapokuwa na mwanya mdogo kati ya vitu viwili vigumu, mwendo huo mdogo huvigonganisha, na mgongano huo hutoa sauti kali ambayo sikio la binadamu ni hodari sana kuisikia. Ni sawa na mfuniko juu ya sufuria inayochemka: moto ni uleule, ila ukiukandamiza mfuniko, kelele inakoma.

Kinacholia ni nini hasa?

Watu husema "ukuta unalia", lakini mara nyingi kinacholia ni kitu kilichofungwa ukutani au kilichofichwa ndani yake. Kuna washukiwa wa kawaida.

Wa kwanza ni mlango. Ulimi wa kitasa usiposhika sawasawa kwenye fremu, mlango mzima hucheza milimita moja au mbili na kugonga fremu, na kwa kuwa fremu imeshikiliwa na ukuta, sauti inasambaa ukutani kote. Wa pili ni dirisha: vioo vya nako vilivyolegea kwenye vishikio vyake, au dirisha la alumini la kusukuma ambalo brashi zake zimeisha. Wa tatu ni vitu vilivyotundikwa, kama fremu za picha, kioo, rafu, kabati la jikoni, mabano ya televisheni. Wa nne ni mabomba ya maji na mabomba ya nyaya yanayopita ndani ya ukuta bila kufungwa. Wa tano, hasa kwenye nyumba na ofisi za siku hizi, ni ukuta wa jipsamu wenyewe: ubao umeachana na fremu kwa sababu skrubu zilikuwa chache au zimelegea. Wa sita ni lipu iliyoachana na tofali, ikabaki kama ganda linalopigapiga. Wa saba yuko juu kabisa, pale ukuta wa kugawa vyumba unapokutana na silingi au lenta, kama haukufungwa popote.

Tofali nazo zinahusika kwa namna zilivyopangwa. Ukuta wa tofali za kulaza ni mnene na mzito, na huchezeka kwa shida. Ukuta wa kugawa vyumba uliojengwa kwa tofali za kusimamisha ili kuokoa pesa na nafasi ni mwembamba. Ukiwa mrefu, bila nguzo wala kifungo juu, unakuwa kama ubao uliosimamishwa kwa ukingo. Si lazima uwe hatarini kuanguka, lakini unaitikia kila lori.

Sikiliza kabla ya kubomoa

Uchunguzi mzuri hauhitaji chombo cha gharama, ila watu wawili na subira ya saa moja wakati malori yanapita kwa wingi. Mmoja akae dirishani akiangalia barabara, mwingine awe ndani karibu na ukuta.

Kwanza, linganisheni wakati. Mlio ukija pale gurudumu linapogonga shimo au tuta, mtetemo unapitia ardhini. Ukija lori linaponguruma, hata kama limesimama, unapitia hewani. Kipimo hiki kimoja tu huokoa pesa nyingi.

Pili, tumia mkono. Lori linapopita, kandamiza mlango dhidi ya fremu. Mlio ukikoma, mshukiwa amepatikana. Ukiendelea, hamia dirishani, kisha kwenye soketi na swichi, kisha katikati ya ukuta, kisha kwenye pembe za juu. Ondoa vitu vyote vilivyotundikwa kabla ya kuulaumu ukuta wenyewe. Mwanya wa mlango unaweza kupimwa kwa karatasi iliyokunjwa: iingize kati ya mlango na fremu, na ikinyamazisha kelele, unajua pa kuweka utepe.

Tatu, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole au mpini wa bisibisi, ukitoka chini kwenda juu kila kiganja kimoja. Kwenye tofali, lipu iliyoshikamana hutoa sauti fupi na nzito, na iliyoachana hutoa sauti ya uwazi, kama debe. Chora mpaka wa eneo hilo kwa penseli. Kwenye jipsamu, sauti ya uwazi ni ya kawaida kati ya nguzo na nguzo, kwa hiyo sukuma ubao kwa kiganja karibu na kila skrubu. Ubao unaorudi nyuma na kutoa mlio mdogo umeachana na fremu.

Mwisho, andika ulichokiona: chumba, mahali, saa, aina ya gari, na sehemu ya barabara iliyogongwa. Maandishi haya yatamsaidia fundi, na baadaye yatakuwa ushahidi wa kupeleka kwa wahusika wa barabara.

Matengenezo kwa aina ya ukuta

Milango na madirisha yaanze, kwa sababu ni rahisi na mara nyingi humaliza kazi. Bati la fremu linalopokea ulimi wa kitasa linaweza kusogezwa ndani kidogo ili mlango ukifungwa ubanwe. Utepe wa sponji au wa raba ubandikwe kwenye fremu pande tatu, na skrubu za bawaba zikazwe. Vishikio vya nako vibinywe taratibu kwa koleo baada ya kuingiza kipande cha raba chini ya kioo. Madirisha ya kusukuma yabadilishwe brashi. Kama mtetemo unapitia hewani, kazi hii ya kuziba mianya ya upande wa barabara ndiyo tiba kuu, kwa sababu inapunguza sauti inayoingia na pia inanyamazisha kinachogongana.

Ukuta wa jipsamu unahitaji umakini zaidi. Kwa kawaida nguzo zake za bati au mbao husimama kila sentimita 40 au 60, na skrubu hupigwa takriban kila sentimita 30. Fundi mwenye haraka huruka skrubu, au huzikandamiza mpaka zinatoboa karatasi ya ubao na kubaki zimeshika unga tu. Skrubu ya namna hiyo haishiki kitu. Kuikaza hakusaidii. Inapaswa kupigwa mpya sentimita chache pembeni, kichwa chake kiingie chini kidogo ya usawa wa karatasi bila kuichana, kisha ya zamani itolewe na tundu lizibwe.

Fundi akifungua sehemu ya ubao huo ndipo mengi yanapoonekana: nguzo mbili za bati zinazogusana bila kufungwa, bomba la nyaya linalopita kwenye tundu kubwa kuliko lenyewe na kugonga ukingo wa bati, boksi la soketi linaloning'inia kwa waya, vipande vya jipsamu vilivyosahaulika chini. Kila kimoja kina dawa yake. Nguzo zifungwe pamoja au zitenganishwe kwa sponji. Bomba livalishwe raba na kubanwa. Boksi lipigiliwe kwenye nguzo. Nafasi iliyo wazi ijazwe pamba ya mwamba au ya glasi, ambayo hupunguza mwangwi wa ndani ya ukuta na kuzuia vitu vyepesi visicheze. Umeme uzimwe kabla ya kazi hii. Na kwenye majengo ya zamani yenye mbao za asbesto, pasitobolewe wala kukatwa chochote kabla ya kumwita mtaalamu, kwa kuwa vumbi lake linaua polepole.

Kama ukuta bado unacheza baada ya kukazwa, kuna hatua mbili za nguvu. Ya kwanza ni kuongeza mkato wa mbao au bati katikati ya kimo, kati ya nguzo na nguzo, na kuzikaza nguzo hizo kwenye kitu kigumu. Sehemu ya nguzo isiyoshikiliwa ikipungua hadi nusu, mwendo wake wa asili hupanda takriban mara nne, hivyo ukuta unatoka kwenye kasi ambayo barabara inautikisa. Ya pili ni kubandika ubao wa pili juu ya wa kwanza kwa gundi na skrubu, maungio yakipishana. Uzito unaongezeka, na gundi inayobaki laini hula sehemu ya mwendo.

Kwa ukuta wa tofali wenye lipu iliyoachana, kupaka rangi juu au kujaza ufa kwa walputi ni kupoteza muda. Sehemu iliyochorwa kwa penseli ikatwe mpaka kwenye lipu iliyoshika, tofali zisuguliwe vumbi lote, zilowanishwe, zirushiwe kwanza mchanganyiko mwepesi wa saruji na mchanga ili zipate ukwaruzo, kisha lipu mpya ipigwe na kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa isikauke haraka. Lipu nyingi huachana kwa sababu ilipigwa juu ya tofali kavu zenye vumbi, wala lori halikuhusika.

Ukuta wa tofali usiofungwa juu ushikiliwe kwa vipande vya engo vilivyopigwa kwenye lenta au zege la juu, pande mbili za ukuta kwa kupishana, na mwanya uliobaki ujazwe kitu laini kama sponji na silikoni. Kuujaza saruji ngumu kunaonekana imara, lakini zege la juu likishuka kidogo kwa uzito, saruji hiyo itapasuka na mlio utarudi.

Nyumba za miti na udongo zina hali yake. Udongo ukikauka hujinywea na kuachana na fito, na kamba zikilegea mti mmoja hugonga mwingine. Tiba ni ileile ya siku zote: kufunga upya na kukandika upya, kuanzia sehemu zinazopigwa na jua la mchana. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na zile za Lamu na Mombasa, zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo ni nadra kulia. Kinacholia humo ni milango, mbao za madirisha na kuta nyepesi zilizoongezwa baadaye kugawa vyumba. Panapohitaji kuzibwa, itumike chokaa. Saruji ni ngumu mno kwa kuta hizo na hufungia unyevu ndani.

Pesa zinazopotea bure

Uzio mrefu ndio ushauri unaotolewa zaidi na wenye faida ndogo zaidi kwa tatizo hili. Katika udongo laini, mawimbi yanayotembea juu ya ardhi yanaweza kwenda mita 150 kwa sekunde. Yakicheza mara 10 kwa sekunde, kila wimbi lina urefu wa mita 15. Utafiti wa mhandisi Richard Woods, uliochapishwa mwaka 1968, ulionyesha kwamba handaki la kukinga mawimbi hayo linapaswa kuwa na kina cha takriban asilimia 60 ya urefu wa wimbi. Hapo tunazungumzia handaki la mita 9. Msingi wa uzio wa kawaida hauendi hata mita moja, kwa hiyo wimbi linapita chini yake bila kizuizi. Kwa sauti nzito ya hewani nako uzio unasaidia kidogo tu, kwa kuwa wimbi la mara 80 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita 4 na linajipinda juu ya ukuta wa mita 2 kwa urahisi. Uzio una faida ya usalama na faragha. Ajengaye kwa sababu hizo hajakosea, ila asitarajie usingizi.

Sponji za kubandika ukutani, zile zenye vilima vilima, nazo hazisaidii. Zinapunguza mwangwi wa sauti ndani ya chumba, lakini hazina uzito wa kuzuia mtetemo. Miti ya uani inaleta kivuli na hewa safi, ila mizizi yake haizuii mawimbi ya ardhini.

Je, nyumba itaanguka?

Hofu hii ni ya kweli kwa anayeisikia nyumba yake ikitetemeka usiku, na inastahili jibu la wazi. Kiwango cha Uingereza cha mwaka 1993 kinakadiria kwamba nyufa ndogo za lipu kwenye nyumba za kawaida zinaweza kuanza mtetemo unapofika milimita 15 kwa sekunde, kwa mitetemo ya mwendo wa polepole. Kiwango cha Ujerumani ni cha tahadhari zaidi: milimita 5 kwa sekunde kwenye msingi wa nyumba ya kuishi, na 3 kwa majengo ya kale yaliyo dhaifu. Binadamu, kama tulivyoona, huhisi kuanzia 0.3. Kwa maneno mengine, mwili wa mtu unalalamika mapema mno kuliko ukuta. Mtetemo unaokuamsha unaweza kuwa mbali sana na ule unaopasua.

Kwa hiyo ukiona ufa, usikimbilie kulaumu malori. Udongo mweusi wa mbuga, unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, hupasua nyumba nyingi zilizo mbali kabisa na barabara kuu. Vivyo hivyo msingi mfupi, kifusi kisichoshindiliwa vizuri, maji ya paa yanayomwagika kando ya msingi, na tofali zilizojengewa kabla ya kukomaa. Ufa wa ngazi unaofuata maungio ya tofali, ulio mpana juu kuliko chini, unaelekeza kwenye msingi unaotitia.

Namna ya kujua kama ufa ni hai ni kuchora mstari mdogo wa penseli kwenye ncha zake zote mbili na kuandika tarehe, kisha kupima upana wake kila mwezi kupitia masika na kiangazi. Ufa unaofunguka na kufunga kwa misimu ni wa udongo. Unaoongezeka tu bila kurudi unahitaji mhandisi. Na palipo na mtikisiko wa kweli wa nguvu, kama kazi ya roli kubwa za kushindilia barabara au kupigilia nguzo za daraja karibu na nyumba, mwenye nyumba apige picha za kuta zote kabla kazi haijaanza. Bila picha za awali, madai ya baadaye hayana miguu.

Upande wa barabara

Hadi hapa tumenyamazisha ukuta. Mtetemo bado upo, na chanzo chake ni cha umma. Barabara iliyonyooka ndiyo tiba pekee inayosaidia mtaa mzima kwa pamoja, na hapo ndipo suala hili linapotoka sebuleni na kuwa la uwajibikaji.

Barabara huharibiwa zaidi na uzito wa ekseli. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito huo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima. Ekseli ya tani 12 imezidisha uzito kwa sehemu ya tano tu, lakini inaharibu barabara takriban mara mbili ya ile ya tani 10. Baada ya miezi michache lami inabonyea, shimo linatokea, na kila gari linalofuata, hata lile lililotii sheria, linaligonga shimo lile mbele ya nyumba ileile. Mizani za Vigwaza, Mariakani na Mlolongo huonekana kama suala la wasafirishaji na serikali. Ukweli ni kwamba zinalinda pia usingizi wa watu ambao hawajawahi kupanda lori.

Matuta ni suala gumu zaidi. Yanaokoa maisha ya watoto wanaovuka kwenda shule, na hakuna mlio wa ukuta unaohalalisha kuyaondoa. Lakini tuta lina umbo na mahali pake. Tuta pana linalopanda na kushuka taratibu hupunguza mwendo bila pigo kali. Tuta fupi lenye ncha, la zege lililomwagwa na wananchi wenyewe baada ya ajali, hugeuka nyundo chini ya kila ekseli. Busara ni kuomba tuta lijengwe na wahusika kwa vipimo, na liwekwe mbali kidogo na nyumba zilizo karibu kabisa na barabara. Mwendo nao una nafasi yake: kwenye barabara mbovu, gari likienda kasi pigo linakuwa kubwa, kwa hiyo kikomo cha mwendo kinachosimamiwa kinawasaidia wanaotembea na wanaolala.

Sheria nazo zipo, ila zina pengo. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo zinazuia mtetemo unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde nje ya mpaka wa eneo unakotoka, au mita 30 kutoka kwa chanzo kinachotembea. Hiyo ni milimita 5 kwa sekunde, kiasi kilekile ambacho Wajerumani wamekiweka kulinda jengo, na ni zaidi ya mara 15 ya kile mtu anachoanza kuhisi. Nyumba inaweza kulia usiku kucha na hakuna sheria iliyovunjwa. Kanuni ya namna hii inaulinda ukuta kuliko anayelala nyuma yake. Tanzania, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande. Mjadala wake mara nyingi huishia kwenye alama ya X inayochorwa kwenye nyumba za kubomolewa, na fidia, lakini umbali huo una faida ya kiafya pia kwa anayejenga sasa: kila mita ya ziada inapunguza pigo.

Kwa Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na za mijini na vijijini chini ya TARURA iliyoanzishwa mwaka 2017. Kenya, kuna KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za vijijini. Malalamiko ya jumla kwamba "malori yanatusumbua" hayampi mhandisi kazi ya kufanya. Barua inayosema mfuniko wa chemba mbele ya nyumba fulani umezama chini ya lami, upande wa magari yanayokwenda bandarini, na kwamba nyumba kumi zinasikia pigo kila lori linapoukanyaga, inampa. Ikipitia serikali ya mtaa ikiwa na sahihi za majirani, ina uzito zaidi. Kuinua mfuniko mmoja ni kazi ndogo kuliko kutengeneza kuta kumi, na faida yake inamfikia hata mpangaji asiye na pesa ya fundi.

Mpangilio wa kazi, basi, ni huu. Anza na mlango, dirisha na vitu vilivyotundikwa. Kisha kaza ukuta wenyewe kulingana na ulivyojengwa. Weka alama kwenye nyufa na uzifuatilie kwa mwaka mzima kabla ya kumlaumu mtu. Halafu, ukiwa na maandishi yako mkononi, nenda na majirani kudai lami inyooshwe mahali mahususi. Mamlaka zetu kwa upande wao zina wajibu wa kuandika kwenye mikataba ya matengenezo kwamba viraka na mifuniko ilingane na usawa wa lami, hasa mbele ya makazi, na kutopokea kazi isiyokidhi. Tumezoea kupima barabara kwa urahisi wa anayepita juu yake. Anayeishi kando yake naye ni mtumiaji wa barabara hiyo, saa 24 kwa siku, na anastahili kuhesabiwa.